Ini hufunga, bakteria wa utumbo hufungua

Mtandaoni kumejaa maneno ya "kusafisha sumu mwilini", na siku hizi bakteria wa utumbo nao wameingizwa kwenye biashara hiyo: eti ukiwalisha vizuri watafagia kila kibaya ulichomeza. Naandika haya kwa sababu maelezo hayo yanapotosha, na mgonjwa anaweza kuumia kwa kuyafuata. Bakteria hawajui kipi ni sumu kwako na kipi si sumu. Wanatafuta chakula na mahali pa kutua elektroni zao, na katika shughuli hiyo hubadilisha umbo la kemikali zinazopita mbele yao. Nyingine hutoka hafifu, nyingine hutoka kali kuliko zilivyoingia. Ukitaka kujua itakuwaje, uliza kifungo kipi cha molekuli kinakatwa, kinakatwa sehemu gani ya utumbo, na kinachobaki baada ya hapo kinaelekea wapi.

Tuanze na mahali penyewe. Bakteria wa mwili wa mtu mzima wanakadiriwa kufikia trilioni 38, na uzito wao wote ni kama gramu 200. Karibu wote wako kwenye utumbo mpana, ambako gramu 1 ya yaliyomo hubeba bakteria wapatao bilioni 100. Tumboni ni wachache kwa sababu ya asidi, na kwenye utumbo mwembamba chakula hupita haraka, hawapati nafasi ya kuzaliana sana. Kwa hiyo kemikali inayofyonzwa mapema huko juu haikutani na bakteria wengi, isipokuwa irudi. Na nyingi hurudi, kupitia nyongo.

Ini hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza huitia kemikali oksijeni, au huichonga kidogo, ili ipate mahali pa kushikiwa. Kisha huibandika kitu kinachopenda maji: asidi ya glukuroniki, salfeti au glutathioni. Kemikali iliyokuwa inajificha kwenye mafuta sasa inayeyuka kwenye maji na inaweza kutolewa. Molekuli ndogo huelekea kwenye figo na kutoka na mkojo. Zile kubwa, kwa binadamu tuseme kuanzia daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), hupendelea kutoka na nyongo na kumwagwa utumboni. Ini likiishia hapo, hesabu yake imefungwa.

Bakteria hawaioni hesabu hiyo. Utumbo mpana hauna oksijeni ya kutosha, na kemia yao ni kinyume cha ile ya ini: hukata vifungo kwa maji, na huongeza elektroni pale ambapo ini lingeziondoa. Asidi ya glukuroniki iliyobandikwa na ini ni jamaa wa sukari, yaani ni chakula. Bakteria wengi wana kimeng'enya cha beta-glukuronidasi, nacho hung'oa kibandiko hicho, hula sukari, na kuiacha kemikali ya awali ikielea peke yake. Ikiwa bado inapenda mafuta, ukuta wa utumbo huifyonza tena, damu huirudisha kwenye ini, na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana baadhi ya dawa na sumu hukaa mwilini siku nyingi kuliko hesabu ya figo inavyoonyesha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni irinotekani, dawa ya saratani ya utumbo mpana. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa SN-38, ambayo ndiyo inayoua seli, na nguvu yake inazidi ya irinotekani yenyewe kwa mara 100 hadi 1,000. Ini huibandika SN-38 asidi ya glukuroniki kwa kimeng'enya cha UGT1A1, inakuwa haina madhara, inatoka na nyongo. Ikifika utumbo mpana, beta-glukuronidasi ya bakteria inaifungua. SN-38 huru inaanza kuua seli za ukuta wa utumbo, zile zinazojigawa upesi kuliko nyingine, na mgonjwa anaharisha vibaya kiasi cha kulazimika kupunguziwa dozi au kusimamishiwa tiba.

Hapa pana jambo ambalo wauguzi wa wodi za saratani wanalijua vizuri na ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Kuna kuharisha kwa aina mbili. Kule kunakoanza wakati dawa inatiririka kwenye mshipa, au ndani ya saa 24, kunakoambatana na jasho, mate mengi na tumbo kunyonga, hakutokani na bakteria. Ni mishipa ya fahamu imechochewa, na tiba yake ni atropini. Kunakoanza baada ya saa 24, mara nyingi siku kadhaa baadaye, ndiko kwa SN-38. Maelekezo ya kawaida ya dawa hiyo ni loperamidi miligramu 4 mara tu choo kinapoanza kulegea, kisha miligramu 2 kila baada ya saa 2 hadi mgonjwa apitishe saa 12 bila kuharisha. Ni dozi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye pakiti, na hutolewa hivyo chini ya uangalizi wa daktari tu. Mgonjwa anayesubiri kesho aone kama kutaacha kwenyewe hupoteza maji na chumvi haraka sana.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba kimeng'enya hicho cha bakteria kinaweza kuzibwa bila kuwaua bakteria wala kugusa kimeng'enya kama hicho kilichomo kwenye seli za mnyama, na panya waliopewa kizuizi hicho hawakuharisha kama wenzao. Naipenda njia hii kuliko kumwaga antibayotiki kwenye utumbo mzima. Antibayotiki huua wenye kosa na wasio na kosa, na ukuta wa utumbo ulioumia unawahitaji wale wasio na kosa.

Sumu inayolala mpaka bakteria waiamshe

Mimea mingi huhifadhi sumu zake kwa kuifunga molekuli kali kwenye sukari. Saikasini, iliyomo kwenye mimea ya jamii ya saikadi, imefungwa hivyo. Miaka ya 1960 panya wa kawaida walilishwa saikasini wakapata uvimbe wa saratani kwenye ini, figo na utumbo mpana. Panya waliokuzwa bila bakteria hata mmoja walilishwa kitu kile kile, wakakitoa karibu chote kwenye mkojo kikiwa kizima, bila madhara. Seli za panya mzima zenyewe hazikuwa na uwezo wa maana wa kukikata kifungo hicho. Beta-glukosidasi ya bakteria ndiyo iliyokuwa ikikikata na kuachia methilazoksimethanoli, inayoharibu DNA. Sijui jaribio jingine linaloeleza jambo hili kwa usafi kama hilo.

Amigdalini ya punje chungu za aprikoti inafuata njia hiyo hiyo, na bado inauzwa kama tiba ya saratani ingawa jaribio la wagonjwa 178 nchini Marekani, lililochapishwa mwaka 1982, halikuonyesha faida yoyote. Ikidungwa kwenye mshipa, sehemu kubwa hutoka na mkojo kama ilivyoingia. Ikimezwa, vimeng'enya vya bakteria huikata na kutoa sianidi. Hesabu ni rahisi: molekuli 1 ya amigdalini ina uzito wa 457 na inatoa molekuli 1 ya sianidi ya hidrojeni yenye uzito wa 27, kwa hiyo kidonge cha miligramu 500 kikikatwa chote kinatoa kama miligramu 30. Kiwango cha sianidi kinachoweza kumuua mtu mzima kwa kumeza kinaanzia karibu miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mwili. Anayepima kilo 60, zidisha mwenyewe. Wanaohama kutoka sindano kwenda vidonge wakidhani vidonge ni laini zaidi wamegeuza mambo.

Upande wa kuongeza elektroni, vifungo viwili ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi: kifungo cha azo, yaani nitrojeni mbili zilizoshikana baina ya pete mbili za kaboni, na kundi la nitro. Rangi nyingi za viwandani zina kifungo cha azo. Gerhard Domagk alipoijaribu rangi nyekundu ya Prontosil mwishoni mwa 1932, ilitibu panya walioambukizwa lakini kwenye chupa ya maabara haikuua chochote. Mwaka 1935 watafiti wa Institut Pasteur mjini Paris wakapata sababu: mwilini rangi hukatwa katikati, na kipande kimoja, salfanilamidi, ndicho dawa. Kazi hiyo ya kukata hufanywa na ini na bakteria kwa pamoja. Sulfasalazini, inayotumiwa kwa vidonda vya utumbo mpana, ilinufaika na tabia hiyo hiyo: hufika utumbo mpana ikiwa nzima kwa sehemu kubwa, bakteria wanaikata, na mesalazini inapatikana pale pale inapohitajika. Panya wasio na bakteria hawaikati. Mgonjwa anayeanza antibayotiki kali huku akitumia sulfasalazini anaweza kuona dawa imepungua nguvu, na hilo si la kuwazia tu.

Kifungo kile kile kikiwa kwenye rangi iliyotengenezwa kwa benzidini, kinachotoka ni benzidini yenyewe, kisababishi kinachojulikana cha saratani ya kibofu. Ndiyo maana rangi zinazogeuka kuwa benzidini mwilini zimewekwa kundi la 1, yaani la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, hata kama rangi yenyewe kwenye mfuko haina harufu wala ukali wowote. Anayefanya kazi na rangi za namna hiyo asizingatie vumbi la kuvuta peke yake. Kinachomezwa kwa mikono michafu au kwa kulowesha brashi mdomoni kinafika utumbo mpana.

Kundi la nitro nalo hupunguzwa kuwa amini kwa hatua, na hatua za katikati ndizo mbaya. Panya wa kawaida wakipewa nitrobenzini, damu yao hupata methimoglobini, hemoglobini iliyoharibika isiyobeba oksijeni. Panya wasio na bakteria wakipewa dozi ile ile, haitokei. DDT, dawa ya kuua wadudu, pia hupoteza klorini moja kwa mikono ya bakteria wa utumbo na kuwa DDD, ambayo si salama vilevile. Imebadilika jina tu.

Jambo la sorivudini lingepaswa kufundishwa kwa kila mfamasia. Dawa hii ya mkanda wa jeshi iliingia sokoni Japani mwaka 1993. Bakteria wa utumbo, hasa wa jamii ya Bacteroides, waliigeuza kuwa bromovinilurasili. Hiyo peke yake haimdhuru mtu sana, ila inaharibu moja kwa moja kimeng'enya cha ini kinachoivunja dawa ya saratani ya fluorourasili. Wagonjwa wa saratani waliokuwa wakitumia dawa za jamii hiyo walipougua mkanda wa jeshi na kuandikiwa sorivudini, fluorourasili ikajaa kwenye damu yao na kuua uboho. Wasiopungua 15 walifariki ndani ya wiki chache, na dawa ikaondolewa. Hakuna kati ya dawa hizo mbili iliyokuwa na kasoro ikiwa peke yake. Mtu wa tatu, bakteria, hakuwa kwenye hesabu ya yeyote.

Metali: hapa bakteria hutusaidia, kwa masharti

Methili-zebaki, yaani zebaki iliyobandikwa kundi dogo la kaboni liitwalo methili, inayokuja na samaki hufyonzwa karibu yote, kama asilimia 95. Zebaki isiyo na methili hufyonzwa asilimia 15 au chini ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo siri ya mwili kuitoa. Ini huifunga methili-zebaki kwenye glutathioni na kuitoa na nyongo, lakini utumbo mwembamba huifyonza tena ikiwa imeshikamana na sisteini, na mzunguko unaweza kuendelea wiki nyingi. Kiasi kidogo kinachofika utumbo mpana kila siku kinakutana na bakteria wanaong'oa methili. Zebaki iliyobaki haifyonzwi kwa urahisi, inatoka na choo. Nusu ya methili-zebaki mwilini huchukua takriban siku 50 kutoka, na sehemu kubwa hutoka kwa njia hiyo.

Panya waliopewa antibayotiki walibaki na zebaki nyingi zaidi kwenye tishu. Wanapanya wanaonyonya nao hawaitoi mpaka wanapoachishwa ziwa na bakteria wao kubadilika. Kwa hiyo kasi ya kutoka inatofautiana baina ya mtu na mtu, na inatofautiana kwa mtu yule yule baada ya antibayotiki. Msimu wa baridi wa 1971 hadi 1972 nchini Iraki, watu walikula mkate wa mbegu za nafaka zilizopakwa dawa ya ukungu yenye methili-zebaki. Zaidi ya 6,500 walilazwa na 459 walifia hospitalini. Baadhi walipewa gundi maalum yenye salfa isiyofyonzwa, inayonasa methili-zebaki utumboni kabla haijarudi kwenye damu, na zebaki kwenye damu yao ikashuka haraka zaidi. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuondoa sumu: kukata mzunguko mahali panapojulikana, kwa kitu kinachojulikana kinashika nini.

Aseniki ina sura mbili. Mwaka 2018 panya waliokosa kimeng'enya cha kuitia aseniki methili walikufa mapema zaidi walipokosa pia bakteria, na waliopandikizwa bakteria kutoka kwenye choo cha binadamu wakapata kinga; Faecalibacterium prausnitzii alikuwa miongoni mwa waliohusishwa nayo. Lakini kwenye vyombo vya maabara vinavyoiga utumbo, bakteria wa binadamu wameonekana pia wakiitia aseniki salfa na kutoa aina zilizo kali kwa seli. Asikuuzie mtu vidonge vya bakteria kama kinga ya maji yenye aseniki. Tiba ya maji hayo ni kubadili chanzo au kuyachuja.

Melamini nayo, kemikali ya viwandani iliyotiwa kwenye maziwa ya watoto nchini China na kugunduliwa mwaka 2008, kwa kawaida hutoka na mkojo ilivyo. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwa panya kwamba Klebsiella wa utumbo huigeuza sehemu yake kuwa asidi ya sianuriki, na viwili hivyo vikikutana kwenye figo hushikana na kuwa fuwele. Mawe mengi ya watoto wale yalikuwa ya melamini na asidi ya uriki, kwa hiyo bakteria si maelezo yote, ila wanasaidia kueleza kwa nini dozi ile ile haiwaumizi wote sawasawa.

Dawa inayopotea na sumu wanayoitengeneza wenyewe

Digoksini ya moyo ina nafasi finyu mno: kwa moyo uliodhoofu hulengwa nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita ya damu, na ikipita 2 hatari ni kubwa. Kwa kama mgonjwa 1 kati ya 10, bakteria aitwaye Eggerthella lenta huongeza hidrojeni kwenye pete moja ya molekuli na kuizima sehemu kubwa ya dozi. Daktari anaona dawa haifiki, anaongeza. Kisha mgonjwa anapata kifua, anaandikiwa antibayotiki, Eggerthella anakufa, na kiwango cha digoksini kinaweza kupanda hadi mara mbili bila kidonge kuongezwa. Klaritromisini huongeza jambo la pili juu ya hilo: huzuia pampu inayoitoa digoksini kwenye seli. Dalili za kuangalia ni kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona rangi ya njano na mapigo ya moyo yaliyovurugika. Mwaka 2013 jeni husika zilitambuliwa, na ikaonekana kwamba si kila Eggerthella anazo, na kwamba wingi wa arginini, kijenzi kimojawapo cha protini, huzizima. Kwa hiyo kuhesabu bakteria kwa jina hakutoshi. Lazima utafute jeni.

Levodopa ya ugonjwa wa Parkinson inapotea kwa njia nyingine. Enterococcus faecalis huigeuza kuwa dopamini humo humo utumboni, na dopamini haivuki kuingia ubongoni. Kabidopa inayotolewa pamoja nayo huzuia kimeng'enya cha binadamu, lakini kile cha bakteria haikigusi kwa kiwango cha maana. Hilo lilibainishwa mwaka 2019, mwaka ule ule ambapo watafiti walijaribu dawa 271 kwa aina 76 za bakteria wa utumbo na kukuta 176 zikibadilishwa na angalau aina moja. Karibu theluthi mbili! Na bado vipimo vingi vya dawa mpya havina hatua ya bakteria.

Sumu inayotengenezwa na bakteria wenyewe na inayowaumiza watu wengi kila siku ni amonia. Huitoa kwenye urea na protini, ini zima huikamata na kuirudisha kuwa urea. Ini lenye sirosisi, yaani lililojaa makovu, haliwezi. Amonia inapita mpaka ubongoni, mgonjwa anachanganyikiwa, mikono inapiga-piga, analala mchana na kukesha usiku. Laktulosi ni sukari ambayo utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuikata. Bakteria wa utumbo mpana huichachusha kuwa asidi, amonia inashika hidrojeni moja na kuwa amoniamu yenye chaji, ambayo haipenyi ukuta, na inatoka na choo. Dozi ya kuendeleza tiba ni mililita 30 hadi 45, mara 3 au 4 kwa siku, kisha inarekebishwa ili mgonjwa apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku.

Makosa hutokea pande zote mbili. Anayepata choo mara 1 akaridhika, amonia inajikusanya. Anayeharisha mara 8 akidhani zaidi ni bora, anapoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka figo zenyewe huanza kutengeneza amonia zaidi. Mgonjwa anachanganyikiwa tena na familia inamwongezea laktulosi. Hesabuni vyoo, msihesabu chupa. Wanaorudia-rudia kuchanganyikiwa huongezewa rifaksimini miligramu 550 mara 2 kwa siku, antibayotiki ambayo karibu yote hubaki utumboni.

Jinsi inavyopimwa, na mahali vipimo vinapodanganya

Kwa wanafunzi na wafanyakazi wa maabara wanaotaka kupima kama bakteria wanaibadilisha kemikali fulani, utaratibu wenyewe si mgumu, ugumu uko kwenye oksijeni. Chukua choo kibichi, kifungwe kwenye chombo chenye kinyonya oksijeni, kifike maabara ndani ya saa 2. Ndani ya chemba yenye nitrojeni asilimia 85, kaboni dayoksaidi 10 na hidrojeni 5, changanya gramu 10 na mililita 90 za bafa ya fosfeti iliyokwisha kuondolewa oksijeni, yenye sisteini gramu 0.5 kwa lita na resazurini, rangi inayoonyesha kama oksijeni ipo, miligramu 1 kwa lita. Chuja kwa shashi. Ongeza kemikali yako ifikie mikromola 50 hadi 100, ukihakikisha kiyeyushi cha DMSO hakizidi asilimia 1. Weka kwenye nyuzi 37. Chota saa 0, 1, 4, 8 na 24, na kila unachochota kizimwe papo hapo kwa asetonitrili baridi ujazo mara 3. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha pima.

Itazame resazurini. Maji yakiwa hayana rangi, hali ni nzuri. Yakianza kuwa ya waridi, hata kwa mbali kwenye ukingo wa juu wa chupa, oksijeni imeingia. Acha, anza upya. Bakteria wanaokata vifungo vya azo na wanaopunguza nitro huacha kazi hiyo wanapopata oksijeni, na utapata jibu la "hakuna mabadiliko" ambalo ni la uongo.

Uongo mwingine unatoka upande wa pili. Kemikali zinazopenda mafuta hushika kwenye chembe za choo, kwenye plastiki na kwenye shashi, kiasi kilichoyeyuka kinashuka, na mtu anaandika kwamba bakteria wameila. Kwa hiyo weka chupa tatu za kulinganisha: moja yenye choo kilichouawa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 20, moja yenye bafa na kemikali bila choo, na moja yenye choo bila kemikali. Kama kemikali inashuka pia kwenye choo kilichouawa, unapima kunata. Kama inashuka kwenye bafa tupu, chunguza sisteini: nayo hutoa elektroni, na salfa yake hushika zebaki kwa nguvu. Kwa majaribio ya zebaki tafuta njia nyingine ya kuondoa oksijeni. Na usikubali matokeo mpaka umeona kile kilichozaliwa. Kutoweka kwa kemikali ya mwanzo peke yake hakuthibitishi chochote.

Panya wasio na bakteria nao wasomwe kwa tahadhari. Sikamu yao, mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana, hufura, chakula hupita polepole, na vimeng'enya vya ini lao si vile vya panya wa kawaida. Tofauti unayoiona inaweza kutoka kwenye ini.

Kwa anayetaka kufanya jambo leo

Mkaa wa dawa ni kitu cha thamani kwenye chumba cha dharura. Dozi za kurudia, gramu 50 kwanza kisha kama gramu 12.5 kwa saa, hukata mzunguko wa nyongo, au huivuta sumu kutoka kwenye damu kupitia ukuta wa utumbo, kwa sumu chache zinazojulikana, kama vile dapsoni, kwinini, fenobabitali na kabamazepini. Kuunywa kila asubuhi nyumbani "kusafisha utumbo" kunanasa dawa ulizoandikiwa, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za kifafa, na mkaa hautofautishi sumu na lishe. Haushiki metali wala pombe kwa kiwango cha maana.

Mfano mzuri wa kukata mzunguko ni wa wafanyakazi wa kiwanda cha kloridekoni, dawa ya kuua wadudu, huko Hopewell, Virginia, kilichofungwa mwaka 1975. Watafiti walipima nyongo na choo, wakakuta kinachomwagwa na nyongo ni kingi mara nyingi kuliko kinachotoka na choo. Maana yake kilichobaki kilikuwa kinafyonzwa tena. Wakatoa kolestiramini, gundi inayoshika asidi za nyongo, gramu 16 kwa siku. Kloridekoni kwenye choo iliongezeka kama mara 7, na muda wa nusu yake kutoka kwenye damu ukashuka kutoka siku 165 hadi 80. Walipima kwanza ndipo wakachagua kishikio. Bidhaa za kusafisha sumu hazipimi kitu.

Nyuzinyuzi za chakula zina faida ya kweli na ya wastani: hufupisha muda wa kupita, huongeza wingi wa choo, na hushusha pH ya utumbo mpana, ambako beta-glukuronidasi nyingi za bakteria hufanya kazi vizuri karibu na pH isiyo na asidi. Ongeza taratibu ndani ya wiki 2 au 3 pamoja na maji, la sivyo utapata gesi na kufunga choo.

Ukiandikiwa antibayotiki, mtajie anayekuandikia kila dawa unayotumia kwa muda mrefu, na uitaje kwa jina digoksini, wafarini, sulfasalazini, levodopa na dawa yoyote ya saratani. Kama unatumia digoksini, omba kipimo cha damu katikati ya kozi na kingine wiki chache baada ya kuimaliza, kwa sababu bakteria wakirudi kiwango hushuka tena. Damu ichotwe angalau saa 6 baada ya kumeza kidonge. Ikichotwa mapema, namba itakuwa juu na haitaeleza chochote.